Je, Wajua? Ngome Bandia, Milango ya Siri na Maajabu Mengine ya Gemu za Kurukaruka

Sogea karibu, msomaji. Leo tunazo gemu za kurukaruka, zile ambazo mtu wako anakimbia, anaruka shimo, anakanyaga adui, anapanda jukwaa, kisha anaingia leveli inayofuata. Unadhani unazijua? Tuone.

Je, wajua kwamba Super Mario Bros. nzima, iliyotoka Japani Septemba 1985, ina ukubwa wa kilobaiti 40 tu? Humo zimo dunia 8, kila dunia ina hatua 4, jumla hatua 32, pamoja na muziki, maadui na mabomba yake yote. Picha moja uliyopiga leo kwa simu yako inaizidi gemu hiyo mara nyingi!

Waliibanaje? Tazama mawingu ya juu, kisha tazama vichaka vya chini. Ni mchoro uleule! Juu umepakwa rangi nyeupe, chini umepakwa kijani, na mamilioni ya watoto wakapita hapo bila kushtuka.

Na hatua zenyewe je? Nazo zimerudiwa, rafiki yangu. Ramani ya 5-3, yaani dunia ya 5 hatua ya 3, ni ile ya 1-3 uliyokwisha kuimaliza, ila imetiwa ukali. Vivyo hivyo 6-4 ni 1-4, 5-4 ni 2-4, 7-2 ni 2-2, na 7-3 ni 2-3. Ulidhani umefika mbali, kumbe unapita njia uliyoipita!

Kila hatua ya nne ni ngome, na mwisho wa kila ngome unapambana na Bowser, adui mkuu. Sasa sikia: katika ngome 7 za kwanza, huyo Bowser ni bandia. Usimwangushe darajani, mpige kwa moto, utamwona akigeuka kuwa adui mdogo wa kawaida. Bowser wa kweli yumo 8-4 peke yake.

Umeona ile saa ya juu ya skrini inayoanza na 400? Usidhani hizo ni sekunde 400. Kila namba inadumu sehemu 4 kati ya 10 za sekunde, kwa hiyo muda wote uliopewa ni dakika 2 na sekunde 40. Wamekupunja, nawe hukulalamika!

Tukae kidogo kwenye 1-1, hatua mashuhuri kuliko zote. Wengi huamini ilitengenezwa kwanza. La, ilitengenezwa karibu na mwisho! Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, wabunifu wa gemu hiyo, walichora hatua zao kwenye karatasi za miraba, wakawapa waandishi wa programu, na walipokwisha kuielewa gemu yao vizuri ndipo wakarudi kuchora mlango wa kuingilia.

Na mlango wenyewe ni darasa. Kitu cha kwanza kukujia ni kiumbe cha kahawia chenye uso wa hasira. Usiporuka umekufa, na tayari umejua kwamba hapa kuna kuruka. Kisha unagonga kisanduku chenye alama ya kuuliza, uyoga unachomoka, unakimbilia kulia, unagonga bomba, unageuka na kukurudia. Unataka kuukwepa, lakini matofali yako juu ya kichwa chako na huna pa kurukia. Unakugusa, na wewe unakua mkubwa! Hakuna neno hata moja lililoandikwa, na somo limekuingia.

Mbele yake kuna ngazi mbili zinazotazamana, na kati yake ni ardhi tupu: ukiteleza, hudhuriki. Mbele kidogo zinakuja ngazi nyingine mbili za aina hiyohiyo, lakini safari hii kati yake ni shimo. Mazoezi kwanza, mtihani baadaye. Nimezitazama gemu nyingi, na sijaona mwalimu bora kuliko hiyo 1-1.

Wajua pia kwamba humo huwezi kurudi nyuma? Skrini ikishasogea kulia, kilichobaki kushoto kimekwenda. Sarafu uliyoiacha umeiacha!

Haya, tuingie njia za panya. Kwenye 1-2, ukipanda juu ya dari na kutembea hadi mwisho, unakuta mabomba 3 ya kukupeleka dunia ya 2, ya 3 au ya 4. Kwenye 4-2 kuna mengine yanayokufikisha dunia ya 6, ya 7 na hata ya 8. Mtu anayezijua njia hizo anacheza hatua 8 tu kati ya 32, na mabingwa wa mbio wanaimaliza gemu nzima chini ya dakika 5!

Ngoja, bado hujasikia la hapo 1-2. Ukipenya ukuta wa mwisho kwa namna maalumu na kuingia bomba kabla mashine haijajiandaa, unatupwa kwenye dunia iitwayo -1. Ni hatua ya majini isiyo na mwisho: unaogelea, unafika kwenye bomba, unatoka, umerudi ulikoanzia. Unaogelea hadi saa inakwisha na roho zote zinakwisha.

Hiyo alama ya kutoa ilitoka wapi? Mashine ilikuwa inakupeleka dunia namba 36. Katika orodha ya michoro ya gemu hiyo, mchoro wa 36 ni nafasi tupu, basi badala ya namba ukaona nafasi tupu, kistari, na 1. Watoto wa dunia nzima wakaamini kuna dunia ya siri iliyofichwa na Miyamoto, kumbe ni hitilafu! Na huko Japani, kwenye toleo la diski, hitilafu hiyohiyo inakufikisha hatua 3 zinazopitika, mojawapo ikiwa na Bowser anayeelea majini. Ukizimaliza, gemu inakuchukulia kuwa umeshinda.

Wajapani wakaenda mbali zaidi. Walianzisha Mario, wakachomoa kaseti mashine ikiwa imewashwa, wakachomeka kaseti ya gemu ya tenisi, wakatembeatembea uwanjani, kisha wakairudisha ya Mario. Hatua za miguu kwenye tenisi zilibadilisha namba ya dunia kwenye kumbukumbu ya mashine! Walifungua dunia za ajabu ambazo hakuna mtu aliyezichora. Wewe usijaribu, utaunguza mashine.

Na wewe uliyekulia na zile mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom ya Nintendo, unaikumbuka kaseti ya manjano iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999999? Gemu za kweli humo zilikuwa chache. Orodha ilirefushwa kwa kubadili majina: gemu ileile inaitwa jina jingine na kukuanzishia dunia ya mbele, au inakupa roho nyingi zaidi. Uliyekuwa ukijisifu kwamba umeanzia mbali, kumbe hatua ndizo zilizofanywa bidhaa!

Mwaka 1986 Nintendo ilitoa Super Mario Bros. 2 ya Kijapani, na hapo waliamua kukutesa. Kuna mabomba ya njia za panya yanayokurudisha nyuma! Umehangaika hadi dunia ya 3, umegundua chumba cha siri, umefurahi, unaingia bomba, na unajikuta dunia ya 1.

Lakini aliyemaliza dunia zote 8 bila njia ya mkato hata moja alifunguliwa dunia ya 9. Na aliyeimaliza gemu hiyo mara 8 alifunguliwa dunia nyingine 4, zinazoitwa A, B, C na D. Mara 8, msomaji!

Wamarekani hawakupewa gemu hiyo wakati ule. Walipelekewa Super Mario Bros. 2 yao mwaka 1988, yenye dunia 7 na hatua 20. Hatua hizo awali hazikuwa za Mario kabisa. Zilikuwa za gemu nyingine ya Kijapani ya 1987, Doki Doki Panic, na wahusika ndio waliobadilishwa. Ndiyo maana humo Mario anang'oa mboga ardhini na kuwarushia maadui.

Rudi nyuma kidogo, hadi 1981. Donkey Kong ilikuwa na skrini 4 tu, na kila moja ilihesabiwa kuwa na urefu wa mita 25: ulianza mita 25, ukapanda 50, ukapanda 75, ukamalizia 100. Kule Marekani walivuruga mpangilio, mzunguko wa kwanza ukaruka kutoka mita 25 moja kwa moja hadi 100. Toleo la nyumbani la Famicom nalo likaiacha kabisa skrini ya mita 50!

Na je, wajua kwamba Donkey Kong haina mwisho uliopangwa, lakini ina mwisho? Mashine hukokotoa muda wako kwa kuzidisha 10, na kwenye leveli ya 22 jibu linafika 260. Sehemu ya kumbukumbu inayotunza jibu hilo haivuki 255, kwa hiyo 260 inageuka kuwa 4. Unapewa sekunde chache tu na Mario anaanguka kufa mwenyewe, hata kama wewe ni bingwa wa dunia. Hakuna mkono uliomgusa!

Sasa shika hii, ni kati ya zile ninazozipenda kuliko zote. Mwaka 1982 David Crane alitoa Pitfall! kwa mashine ya Atari 2600, yenye skrini 255 za msitu, mashimo, mamba na kamba za kubembea. Kaseti nzima ilikuwa kilobaiti 4! Hazingeenea skrini 255 humo hata ungezikunja vipi.

Basi Crane hakuhifadhi skrini hata moja. Alihifadhi kanuni fupi ya hesabu: namba ya skrini uliyopo inapigwapigwa na kuzaa namba ya skrini inayofuata, na tarakimu ndani ya namba hiyo ndizo zinazoamua kama utakuta mamba, shimo, ukuta au hazina. Ukienda kushoto, kanuni inaendeshwa kinyumenyume na skrini ya nyuma inarudi vilevile ilivyokuwa. Msitu mzima ni namba moja inayojizungusha! Una dakika 20 za kutafuta hazina 32, na ukipita njia ya chini ya ardhi kila skrini moja inakuvusha skrini 3 za juu.

Twende Uingereza, 1983. Matthew Smith, kijana wa miaka chini ya 20, alitunga Manic Miner yenye mapango 20. Katika kila pango hewa inapungua polepole. Ikikwisha kabla hujakusanya funguo zote, umekwisha nawe. Mwaka uliofuata alitoa Jet Set Willy, jumba lenye vyumba zaidi ya 50 vya kuingia kwa mpangilio wowote unaotaka.

Ila chumba kimoja, cha darini, kilikuwa na hitilafu. Ukishakiingia, vyumba vingine vinaharibika na gemu haiwezi kumalizika tena. Wachapishaji walipoulizwa walisema ni makusudi, eti hiyo ni gesi ya sumu! Baadaye walikiri na kutoa marekebisho ambayo wachezaji waliyachapa wenyewe kwenye kompyuta zao.

Mwaka huo wa 1983 Marekani nako ilitoka Lode Runner yenye hatua 150. Hatua 150 ni nyingi, lakini cha ajabu zaidi ni kwamba ndani yake kulikuwa na karakana ya kutengeneza hatua zako mwenyewe. Miaka zaidi ya 40 iliyopita!

Zipo gemu zilizoficha mwisho wake. Ghosts 'n Goblins ya 1985 ukiimaliza inakuambia ulichokiona ni mtego wa shetani, urudi mwanzo uicheze yote mara ya pili. Bubble Bobble ya 1986 ina raundi 100, na hata ukizimaliza zote peke yako hupati mwisho wa kweli. Lazima muwe wawili!

Na kuna iliyowakomesha wawili. Battletoads ya 1991 ina hatua 12, na katika toleo la Marekani la mashine ya NES ya Nintendo, mkifika ya 11 mkiwa wawili, kidhibiti cha mchezaji wa pili kinakataa kufanya kazi. Mmetoka jasho hatua 10 pamoja, kisha mwenzako anasimama kama mlingoti.

Ghali zaidi ni muda. Prince of Persia ya Jordan Mechner, mwaka 1989, inakupa saa 1 ya kweli kwa gemu nzima. Ukifa unarudishwa mwanzo wa hatua, lakini saa hairudi nyuma!

Tunarudi kwa Mario, maana 1988 alibadilisha mambo. Super Mario Bros. 3 ilileta ramani: sasa unatembea juu ya dunia nzima na kuchagua hatua ya kuingia. Kila dunia ikapewa sura yake, ya nyasi, ya jangwa, ya maji, ya majitu, ya mawinguni, ya barafu, ya mabomba na ya giza. Tazama gemu zilizokuja baada yake uhesabu ni ngapi zinaanzia kwenye nyasi, zikapita jangwani na kuishia kwenye moto!

Umewahi kuona kwamba gemu hiyo inaanza kwa pazia kufunguliwa? Majukwaa mengine yana kivuli ukutani, mengine yametundikwa kwa skrubu, na ukimaliza hatua unatoka kwenye giza pembeni. Ni mchezo wa jukwaani! Miyamoto mwenyewe alithibitisha mwaka 2015, miaka 27 baada ya gemu kutoka.

Ndani ya 1-3 ya gemu hiyo kuna kisanduku cheupe. Simama juu yake, chuchumaa kwa sekunde chache, na Mario anadondoka nyuma ya mandhari! Kimbia huko nyuma hadi mwisho wa hatua na utakabidhiwa filimbi ya uchawi ya kurukia dunia za mbele. Filimbi ziko 3 tu katika gemu yote, na 2 kati yake zimo dunia ya kwanza.

Super Mario World ya 1990 ikaongeza utundu. Hatua moja inaweza kuwa na milango miwili ya kutokea: lango la kawaida, na tundu la ufunguo lililofichwa. Ndiyo maana gemu haihesabu hatua, inahesabu milango ya kutokea, nayo iko 96. Ukiipata yote, nyota inawaka kando ya namba hiyo. Na ukimaliza ile dunia ya siri ndani ya siri, ramani nzima inabadilika rangi kuwa ya majira ya majani kupukutika!

Mwaka 1996 hatua zikaingia ndani ya picha za ukutani. Super Mario 64 ina kasri moja, unaruka ndani ya mchoro, unajikuta kwenye mlima wa theluji. Hatua kuu ni 15, nyota ni 120, na ili umfikie Bowser wa mwisho unatakiwa uwe na nyota 70. Ukiwa na chache kuliko hizo unakutana na ngazi ambazo hazimaliziki, unapanda na kupanda na muziki nao unapanda.

Nadhani unajua kinachofuata. Wachezaji waligundua kwamba Mario akiruka kinyumenyume kwa mfululizo anapata kasi ya kutisha na kuipenya ngazi hiyo. Leo wanaimaliza gemu hiyo kwa nyota 0!

Sonic naye, katika gemu yake ya kwanza ya 1991, hana dunia wala namba za kistari. Ana maeneo yenye majina, na kila eneo lina sehemu zake: maeneo 6 yenye sehemu 3 kila moja, kisha la mwisho la kupambana na bosi. Sehemu ya tatu ya eneo la 6, lile la viwanda, imechorwa kwa michoro ya eneo la 4 la majini. Na saa ya Sonic ikigonga dakika 10 ndani ya sehemu moja, unakufa papo hapo, hata kama ulikuwa umesimama tu ukitazama maporomoko!

Katika Sonic 2 ya 1992 maeneo mengi yana sehemu 2, lakini Metropolis ina 3. Kwa nini? Ile ya tatu ilitengenezwa kwa ajili ya eneo jingine lililofutwa njiani, wakaona ni hasara kuitupa. Eneo jingine lililoachwa, Hidden Palace, lilisubiri miaka 21 na kurudishwa mwaka 2013 kwenye toleo la simu.

Sonic CD ya 1993 ni kichaa kizuri. Hatua moja unaweza kuicheza ikiwa ya zamani, ya sasa, ya baadaye njema au ya baadaye mbaya, kutegemea ulichokifanya. Maeneo ni 7. Piga hesabu ya sura zote za sehemu zote na utapata ramani 70!

Na mwaka 1994? Sonic 3 ilikuwa kubwa mno kwa kaseti moja. Wakaikata vipande viwili, nusu ya pili ikatoka Oktoba kwa jina la Sonic & Knuckles, na kaseti hiyo ilikuwa na tundu juu yake. Unachomeka ile ya kwanza juu ya ya pili na hatua zote zinaungana kuwa gemu moja!

Wewe unapenda kuchagua? Mega Man ilikupa uhuru huo mwaka 1987: skrini yenye nyuso za mabosi 6, uanze na yeyote. Ukimshinda unachukua silaha yake, na silaha hiyo ni dawa ya bosi mwingine. Kwa hiyo mpangilio wa hatua ni fumbo unalolifumbua mwenyewe!

Metroid ya 1986 ilifanya kitu kidogo ambacho mimi nakiona cha kishujaa. Kila mtu alikwisha kuzoea kukimbilia kulia. Humo ukienda kulia unakutana na njia nyembamba usiyoweza kuipita. Kifaa cha kujikunja kuwa mpira kiko kushoto, nyuma ya mahali ulipoanzia! Hapo ndipo wachezaji walipojua kwamba dunia hii yote ni moja na njia zake zinarudi.

Castlevania: Symphony of the Night ya 1997 inakuonyesha asilimia ya ngome uliyoichunguza. Unakaribia 100, unadhani kazi imekwisha, na ghafla ngome nzima inatokea angani ikiwa juu chini! Dari sasa ni sakafu. Asilimia kamili ya gemu hiyo ni 200.6.

Hesabu za namna hiyo waliziweza pia watu wa Donkey Kong Country. Ya kwanza, 1994, mwisho wake ni asilimia 101. Ya pili 102. Ya tatu 103!

Sasa swali la kiufundi kidogo, nivumilie. Kwa nini hatua za Mario za siku hizi zinaingia mwilini bila maelezo? Koichi Hayashida, aliyeongoza Super Mario 3D Land ya 2011, alieleza kwamba wanafuata mwendo wa vipande vinne unaotoka kwenye ushairi wa kale wa Kichina na katuni za Kijapani za visanduku 4. Kwanza unakutana na kitu kipya mahali salama, mathalani jukwaa linalogeuka kila unaporuka. Pili unakitumia pakiwa pagumu kidogo. Tatu kinakugeuka kwa namna usiyoitegemea. Nne unaonyesha umekimudu, kisha hatua inakwisha na kitu hicho kinawekwa kando. Cheza hatua moja leo, uhesabu vipande hivyo kwa vidole. Utavikuta!

Spelunky ya Derek Yu, kinyume chake, karibu haina hatua zilizochorwa mapema. Kila unapoingia, mashine inapanga vyumba 16, mistari 4 kwa safu 4, na inahakikisha kwanza kuna njia inayopitika kutoka juu hadi chini. Kilichobaki ni bahati. Hutaicheza hatua ileile mara mbili, na ukizubaa ndani yake zaidi ya dakika 2 na nusu katika toleo la 2012, mzuka unakuja kukutafuta!

Braid ya 2008 inaanzia dunia ya 2. Dunia ya 1 ndiyo ya mwisho. VVVVVV ya 2010 haina kitufe cha kuruka kabisa. Unageuza uvutano na kudondokea darini! Na Super Meat Boy ya mwaka huohuo, yenye hatua zaidi ya 300, ukimaliza hatua inakuonyesha majaribio yako yote kwa pamoja: wewe 40 mnakimbia kwa wakati mmoja, 39 mnakufa, 1 anafika.

Kuna Celeste pia. Ilianza kama gemu ndogo iliyotengenezwa kwa siku 4, yenye vyumba 30, kila chumba mita 100 za mlima. Gemu kamili ilipotoka 2018, ile ndogo ilifichwa ndani yake ili uigundue na kuicheza! Na sikia siri ya Celeste: mguu wako ukishaacha ukingo wa jukwaa, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde bado unaruhusiwa kuruka. Unaruka hewani na kujiona stadi. Gemu nyingi nzuri zinakufanyia hisani hiyo kimyakimya.

Hata simuni mpangilio wa zamani haukufa. Super Mario Run ilitoka 2016 ikiwa na dunia 6, na kila dunia ilikuwa na hatua ngapi? Nne vilevile, jumla 24.

Namalizia kwa iliyo kubwa kuliko zote. Mwaka 2015 Super Mario Maker iliwapa watu wa kawaida kalamu, na hatua zaidi ya milioni 7 zikachorwa! Sharti lilikuwa moja: huruhusiwi kuipakia hatua yako mtandaoni mpaka uimalize mwenyewe. Kwa hiyo kila hatua iliyokuwa huko ilikuwa na ushahidi kwamba inawezekana.

Kikundi cha wachezaji kikajitwisha kazi ya kuzimaliza zote ambazo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzimaliza. Walikuwa wakishindana na saa, kwani Nintendo ilitangaza kwamba huduma ya mtandao itafungwa tarehe 8 Aprili 2024. Mwezi Machi ilibaki moja, fupi na katili kupita kiasi. Ndipo mtengenezaji wake akakiri kwamba alipoipakia alisaidiwa na mashine, si vidole vyake, na kikundi kikatangaza ushindi bila kuihesabu.

Lakini wapo waliokataa kuiacha. Tarehe 5 Aprili, siku 3 kabla ya kufungwa, mchezaji mmoja aliimaliza hatua hiyo kwa mikono yake mwenyewe.